Mbwa Akikataa Mlima

Somo: Hesabu 22:21-35, Luka 14:28-30



Jumatano iliyopita katika ibada ya mchana tulikuwa tumebakisha dakika kumi hivi watu warudi kazini, nikasema mwenye swali aulize. Dada mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, karibu na ngazi, akasimama. Yeye hufanya kazi ya nyumbani huko Lavington na siku hiyo alikuwa ametumwa mjini. Akasema, "Pasta, mdosi wangu anapenda sana kupanda milima. Jumamosi anatupakia kwa gari sisi wote, watoto, mbwa na mimi. Mimi ndiye hushika kamba ya mbwa. Sasa tukifika mahali pabaya mbwa anakataa kwenda, na mdosi anasema nimvute. Nimsikilize nani?"

Watu walicheka. Mzee mmoja akasema, "Mbwa wa Lavington!" wakacheka tena. Mimi pia nilicheka, nikasema muda umeisha, tutajibu wiki ijayo.

Muda haukuwa umeisha. Nilikwepa, kwa sababu lile swali lilinishika mahali ambapo sijawahi kuwaambia. Kwa hivyo leo naandika kile ambacho ningesema Jumatano kama ningekuwa na ujasiri.

Wengi wenu mnamjua Bosco, mbwa wetu wa pale Satellite. Mchana amefungwa, usiku anafunguliwa alinde ploti. Mwaka jana, Februari, vijana walipopanga matembezi ya kupanda vilima vya Ngong, nilimbeba Bosco. Mimi ndiye nilikuwa kiongozi wa safari. Nilijiambia namfanyia hisani, maskini hajawahi kutoka. Na wacha niseme ukweli wote: nilijua picha itakuwa nzuri, pasta na mbwa wake juu ya mlima.

Mnaoifahamu Ngong mnajua vile iko. Unaingia geti la upande wa mji wa Ngong, unapita mitambo ya upepo ya KenGen, halafu ni vilima saba, kimoja baada ya kingine, mpaka utokee Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Ni zaidi ya kilomita 10, na kilele cha Lamwia kiko karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya njia ni nyasi na upepo, kivuli ni cha kutafuta. Upande wa magharibi ardhi inashuka kwenda Bonde la Ufa, na ukisimama pale ukatazama chini unajishika hata kama si mwoga.

Vilima vitatu vya kwanza Bosco alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Kila jiwe alilinusa. Vijana wakasema ameokoka.

Upepo ule ndio ulinidanganya. Mimi nilikuwa na sweta. Jasho langu lilikuwa linakauka na upepo, naona baridi, nikadhani sote tunaona baridi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hutoa kidogo tu kwenye nyayo. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje, na jua la saa tano likishamkolea, kuhema peke yake hakutoshi. Na yeye yuko chini, tumbo lake liko karibu na udongo ulioota jua tangu asubuhi, na anaukanyaga bila viatu. Hayo yote nimekuja kuyajua baadaye. Siku ile nilikuwa na chupa moja ya maji, ya nusu lita, yangu.

Kilima cha nne alianza kubaki nyuma. Akaenda pembeni, akaingia chini ya kichaka kidogo, akalala. Nikaona ni uvivu, nikamvuta. Mbele kidogo akalala tena, nikamvuta tena, vijana wakicheka kwamba Bosco anatazama nyuma kama mke wa Lutu. Mara ya tatu ilikuwa kwenye mteremko mkali, kokoto zinateleza, njia imechimbwa na maji ya mvua ikawa kama mtaro, mnapita mmoja mmoja. Akalala pale katikati. Hakuna pa kumpitia. Kamba nilikuwa nimeizungusha kwenye kifundo cha mkono. Nikamchapa na mwisho wa ile kamba.

Alisimama. Akapiga hatua mbili, miguu ya nyuma ikakosa nguvu, akateleza na kunivuta, nami nikamgonga dada aliyekuwa mbele yangu. Alienda chini kama mita tatu akazuiwa na jiwe. Goti lilichubuka, na kiganja. Lile jiwe lingekuwa halipo, wapendwa, sijui leo ningekuwa nawaandikia nini.

Mzee mmoja Mmaasai aliyekuwa na mbuzi wake alituona akaja. Mbwa wake wawili walikuwa wamelala kwenye kivuli cha mwamba, na hawakuamka hata kutubwekea. Akamwangalia Bosco, akaniangalia mimi. Akauliza, "Huyu anachunga nini?"

Nikamwambia hachungi kitu, tumekuja kutembea tu.

"Kutembea," akasema. Hakuongeza neno. Akachukua jerikeni yake ndogo akammwagia Bosco maji tumboni, mapajani na kwenye nyayo, kisha akamwekea kidogo kwa kifuniko anywe. Maji yenyewe alikuwa ameyabeba ya kumtosha yeye mpaka jioni.

Vijana wanne walimbeba kwa shuka ya yule mzee mpaka Kona Baridi. Matatu mbili zilikataa kutuchukua na siwalaumu. Mwenye pikapu akakubali kwa shilingi 1,500. Huko Kiserian daktari wa mifugo alimpima joto akapata nyuzi 41, na hiyo ni baada ya kumwagiwa maji na kupigwa na upepo nyuma ya pikapu. Akatuambia kama tungekawia saa nyingine moja tungemletea mzoga.

Sasa hapa ndipo nilipokwepa Jumatano. Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni nikatoa ushuhuda. Nilisema shetani alitaka kumwaga damu mlimani lakini Bwana akatulinda. Mlipiga makofi. Yule dada wa goti alikuwa ameketi safu ya tatu, amenyamaza. Sikusema nilimchapa mbwa mgonjwa. Shetani nilimpa lawama ambayo ilikuwa yangu. Dada nilimwomba msamaha kando siku ile. Leo namwomba mbele ya kanisa lote, kwa sababu uongo niliusema mbele ya kanisa lote.

Nimemhubiri Balaamu mara nyingi, nyinyi ni mashahidi. Kila mara namhubiri kuhusu tamaa ya pesa. Punda nilikuwa nampita haraka, nikimtumia kuwachekesha. Baada ya Ngong nilirudi Hesabu 22 nikaisoma polepole. Mara ya kwanza punda anatoka njiani anaingia shambani. Mara ya pili anajibana ukutani na kuubana mguu wa Balaamu. Mara ya tatu wamefika mahali pembamba, hakuna kugeuka kulia wala kushoto, na punda analala chini. Mara zote tatu anapigwa. Nilipohesabu hizo mara tatu nilifunga Biblia kwanza.

Balaamu anasema angekuwa na upanga mkononi angemuua punda. Upanga ulikuwepo, hatua chache mbele yake, mkononi mwa malaika, na aliyeuona ni mnyama. Na malaika anapoanza kusema, jambo la kwanza analouliza ni kwa nini umempiga punda wako mara hizi tatu. Anauliza hilo kabla ya kuigusa ile safari yenyewe. Mimi nilikuwa nimesoma kifungu hicho miaka yote bila kuona ni swali gani lilitangulia.

Angalia pia punda anajitetea vipi. Hasemi, "Mimi nimeona malaika." Anamuuliza bwana wake kama katika miaka yote aliyompanda aliwahi kuwa na tabia hiyo. Anamwonyesha rekodi yake. Nyinyi wenye maduka na ofisi mnaelewa: mfanyakazi ambaye miaka sita hajakosa kazi, siku moja akikuambia leo siwezi, huanzi kwa kumwita mvivu. Bosco miaka sita hajawahi kukataa kuja nikimwita. Nilikuwa na rekodi hiyo na sikuisoma. Tena ukiangalia vizuri, punda alipofunguliwa kinywa hakuongeza habari mpya. Alikuwa ameshasema yote kwa miguu. Kinywa kilifunguliwa kwa ajili ya Balaamu, ambaye lugha ile nyingine ilikuwa imemshinda.

Kabla ya kuitwa katika huduma nilisomea biashara, na kuna mambo matatu tuliyofundishwa kuuliza juu ya mradi wowote wenye hatari: nani anapata faida, nani anabeba hasara, na je, yule anayebeba hasara alikubali? Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ataketi kwanza ahesabu gharama. Sasa hesabu safari ya Ngong. Vijana 18 walijaza fomu kwamba wanaijua njia na wanakubali. Bosco hakujaza fomu. Hakujua kuna vilima saba. Yeye alijua kimoja tu, kile alichokuwa juu yake. Hakujua tumekwenda mbali kiasi kwamba kurudi ni sawa na kuendelea. Alikuja kwa sababu mimi nimekwenda, basi. Faida ya picha ilikuwa yangu na hasara yake. Mtu akiniletea mradi wa namna hiyo ofisini ningemwambia ni wizi.

Lakini nisije nikaelewewa vibaya. Sisemi mbwa abaki amefungwa. Vile vilima vitatu vya kwanza nilimwona kiumbe akifanya kile alichoumbiwa, na nikaona aibu kwa ile minyororo yetu ya Satellite, Kangemi, Uthiru, kila mahali, mbwa amefungwa mita moja na nusu kutoka kwa geti lenye bango la Mbwa Kali. Kumtoa ni haki yake. Mzee wa mbuzi ana mbwa kwenye mlima huo huo kila siku na hawafi, kwa sababu wamezaliwa pale, wana kazi pale, na jua likipanda wanaachwa walale. Mlima si dhambi. Swali ni kama huyu mbwa, siku hii, saa hii, anaujua, na kama wewe unayeshika kamba uko tayari kugeuka akikuonyesha.

Wengi hawako tayari. Umelipa geti, umelipa gari, umebakisha kilima kimoja. Hapo ndipo watu huvuta kamba.

Kuna wale watasema, kama yule mzee wa Jumatano, kwamba mbwa wa Lavington anakula nyama ambayo mtoto wa Kawangware haioni, na pasta anapoteza ukurasa mzima wa jarida kwa mbwa. Nimeisikia hoja hiyo na siipuuzi. Ukinunua chakula cha mbwa kwa maelfu na mshahara wa msichana wa kazi unauchelewesha mpaka tarehe 12, hayo ni mahubiri mengine, na nitayahubiri. Mtume Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 9, anaichukua sheria ya ng'ombe apuraye nafaka na kuipeleka kwa wanadamu, hadi anauliza kama Mungu anajishughulisha na ng'ombe. Lakini sheria yenyewe, pale Kumbukumbu la Torati, ilimlisha ng'ombe. Na Mungu anapomjibu Yona kuhusu Ninawi, wanyama wa mji ule wamo katika hesabu yake. Tena tuwe wakweli: kwenye ile njia ya mtaro, aliyeanguka kwa sababu sikumwangalia mbwa alikuwa mtu. Na kwenye gari la Lavington, anayeshika kamba ni dada yetu. Mbwa wa kilo 35 akiteleza, ni yeye anayevutwa.

Kuna wengine watasema, "Lakini pasta, si mliomba kabla ya kupanda?" Tuliomba, tena sana, pale kwenye maegesho, tukajifunika kwa damu. Nusu lita ya maji ikabaki nusu lita. Shetani alipompandisha Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, alimnukulia ahadi ya kweli kabisa kuhusu malaika, na Bwana akakataa kuruka. Mnakumbuka Aprili 2012, vijana wa kanisa waliokwenda korongo la Hell's Gate wakakutwa na mafuriko ya ghafla, saba wakafariki. Nani kati yetu atathubutu kusema wale hawakuwa wameomba? Mimi siwezi. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile hakuna kiongozi wa vijana katika mji huu mwenye haki ya kuingia mlimani au korongoni na maombi peke yake. Na kama wanadamu wanaoweza kuambiwa "kimbia" maji yanawashinda, nimempeleka wapi yule ambaye hata neno hilo hatalijua?

Jambo jingine nitalipitia haraka. Mbwa hayuko peke yake mlimani. Kwenye hifadhi za taifa kama Longonot, mbwa wako haruhusiwi, na watu hunung'unika wakidhani ni urasimu tu wa KWS. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliotoka kwa mbwa wa vijiji jirani, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti na kuvuka hadi Maasai Mara. Kwenye misitu ya Aberdare, mbwa akimbwekea nyati huwa anamkimbilia mwenye mbwa, na nyati anamfuata nyuma. Huko usimpeleke hata akitaka.

Basi, dada yangu wa Lavington, hili ndilo jibu langu, na samahani kwa kukuchelewesha. Msikilize mbwa. Najua hilo ni rahisi kwangu kuandika na gumu kwako kufanya, kwa sababu kodi ya nyumba hailipwi na mbwa. Kwa hivyo usingoje mteremkoni. Zungumza na mdosi nyumbani, Ijumaa jioni akiwa ametulia: muulize njia ina kivuli, inachukua saa ngapi, mbwa atabebewa maji lita ngapi. Mwambie tuanze saa kumi na mbili asubuhi tuwe tumeshuka saa nne. Weka nyuma ya mkono wako kwenye udongo au lami uhesabu mpaka saba. Ukiuondoa kabla, yeye pia hawezi kukanyaga. Usizungushe kamba kwenye mkono, ishike tu kwa kiganja ili iweze kukuponyoka. Na mkifika mahali akalala chini, keti naye. Mwambie mdosi kwa heshima kwamba mtawangoja hapo hapo kivulini mpaka warudi. Mtu aliyeketi ni vigumu kumvuta.

Na nyinyi wadosi, kwa sababu najua mnalisoma jarida hili, hata mnaokuja ibada ya pili na magari ya Karen na Lavington: yule anayeshika kamba anaona mbwa wako kuliko wewe. Muulize kabla hajalazimika kukuambia. Karura mbwa anaruhusiwa akiwa na kamba, kuna miti, kuna njia tambarare, na watoto watafurahi vile vile.

Bosco yuko salama. Nyayo zilipona kwa wiki tatu. Mwezi uliopita nilichukua ile kamba kumpeleka kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, nikidhani atajificha. Alikuja mbio, mkia unapiga geti, akainua shingo nimfunge. Nilikaa pale na kamba mkononi kwa muda kabla sijaweza kufungua geti.

Matembezi ya vijana ya mwezi ujao ni Longonot. Wanaokuja waandikishe majina kwa katibu wa vijana. Maji ni lita tatu kila mtu, na nitayakagua mimi mwenyewe kwenye gari kabla hatujaondoka.